Uzito wa Pedali

Jirani yangu wa sasa ana kigari kikuukuu ambacho kila asubuhi hukipasha moto kabla ya kwenda kazini. Hukaa ndani mlango ukiwa wazi, akakanyaga mafuta na kuachia, akakanyaga na kuachia, na injini ikanguruma na kutulia, mpaka moshi unaingia madirishani na watu wanaanza kulalamika. Mimi silalamiki. Sauti ile ikinikuta bado nimelala, huwa siko tena hapa. Huwa niko Kamwokya, mtaani kwetu kule Kampala, msichana mdogo wa shule ya msingi, nimesimama uani na sare yangu, na baba yangu ameketi kwenye pikapu yake ya bluu akikanyaga na kuachia, kichwa amekiinamisha upande kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto.

Niwasimulieni habari za mguu wa baba yangu. Sijawahi kumsimulia mtu yote.

Baba alitoka upande wa Kenya, kwa Wabukusu, akavuka mpaka kuingia Uganda vita vilipokwisha na watu wakaanza kusema kwamba Kampala kuna kazi. Mama alikuwa Mwacholi, binti wa askari polisi, amezaliwa na kukulia katika nyumba za polisi kule Nsambya. Baba hakujua Kiacholi, Mama hakujua Kibukusu, na Kiganda wote wawili walikiongea kwa kubahatisha, kwa hiyo nyumbani kwetu lugha ilikuwa Kiswahili: cha Baba kilichonyooka kidogo, na cha Mama cha kambini, kisichojali ngeli. Majirani zetu, ambao Kiswahili kiliwakumbusha askari na bunduki, walituogopa mwanzoni. Walipoona kwamba Baba ni mtu wa kubeba vioo na Mama ni mtu wa kukaanga samaki, wakatuzoea.

Ndiyo, vioo. Wakati ule kila mtu mjini alitafuta vioo. Madirisha mengi yalikuwa yamezibwa kwa mbao, mabati na magunia tangu siku za risasi, na sasa watu walitaka kuona nje tena. Vioo vilifika Kikuubo, soko la katikati ya mji, katika zile njia nyembamba ambapo wachukuzi hukupigia kelele upishe huku wakiwa tayari wamekugonga. Kutoka hapo mpaka nyumbani kwa mnunuzi kulikuwa na barabara, kama zile zilistahili kuitwa barabara. Mashimo mengine yalikuwa makubwa kiasi kwamba bata waliyahamia wakati wa mvua. Wenye magari wengi walipakia vioo wakashusha vipande. Baba alishusha vioo.

Pale Kikuubo palikuwa na mama mmoja mfanyabiashara, Hajati, aliyeuza vioo na hakumwamini mtu yeyote duniani ila Baba. Yeye ndiye aliyempa jina la Mguu Pamba. "Ngojeni Mguu Pamba," aliwaambia wateja, "ama mkanunue magunia." Baba alijifanya halipendi jina lile, lakini nilimwona akitabasamu akidhani simtazami.

Alikuwa na imani yake kuhusu pedali ya mafuta. Alisema breki ni ya kila mtu, hata mwizi anajua breki, lakini pedali ya mafuta ni ya mwenye gari peke yake. Ikiwa ngumu mno, mguu huchoka na kuanza kuisukuma kwa hasira. Ikiwa nyepesi mno, gari huruka kama mbuzi. Inatakiwa ikurudishie nguvu kidogo, mguu ujue uko wapi. Kila Jumapili baada ya kanisa, akiwa bado na shati lake jeupe, alifungua boneti na kuitafuta hali hiyo. Alilegeza nati mwisho wa ule waya unaovuta mafuta, akasogeza springi kutoka tundu moja hadi jingine, akaingia ndani, akakanyaga, akatoka tena. Mimi nilikaa kiti cha abiria nikila ndizi. Siku nyingine aliniruhusu niikanyage mimi, halafu akaniuliza kwa sauti ya heshima, kama tunaongea habari za mgeni aliye chumba cha pili, "Nekesa, inasemaje leo?"

"Inasema ina njaa," nilimjibu.

Alicheka mpaka akashika boneti.

Basi kukaja Jumamosi moja, tukiwa tunapandisha kilima cha Kololo na vioo vikubwa vya sebule ya mtu, vimesimamishwa kwenye fremu ya mbao na kufungwa kwa blanketi. Baba alipunguza mwendo mbele ya shimo, kama kawaida yake, akaanza kukanyaga kuliondoa gari taratibu, na pikapu ikaruka. Iliruka kweli, mpaka nikapiga kichwa kwenye dirisha. Nyuma yetu kulisikika mlio mdogo, mdogo kuliko unavyofikiria, kama mtu amevunja kijiti kikavu. Baba hakushuka. Alibaki ameshika usukani kwa mikono yote miwili, akitazama mbele.

"Pedali imelegea," alisema.

Nami nikaamini. Kwa nini nisiamini? Baba alikuwa anaijua pedali ile.

Kesho yake hakwenda kanisani. Alitoa springi ya zamani akaweka mpya, ngumu zaidi. Wiki ile ilienda vizuri, halafu akaanza kulalamika tena kwamba pedali haisemi kitu, iko kama pamba. Akampelekea Ssalongo.

Ssalongo alikuwa fundi wetu wa pale Kamwokya, Muganda mnene, mpole, baba wa mapacha, na ndiyo maana aliitwa hivyo. Gereji yake ilikuwa kiwanja kilicholoa oili kati ya duka la kanda za muziki na banda la mkaa. Aliingia kwenye pikapu, akaikanyaga pedali kwa mguu, akainama akaikanyaga kwa mkono, akatazama chini ya boneti, akafuta mikono.

"Gali iko sawa, ssebo," alimwambia Baba, akimwita bwana kwa Kiganda na kupishanisha r na l kama kawaida yake.

"Si sawa. Mimi naijua."

"Kweri, iko sawa. Hii springi hata imezidi nguvu. Mtu mwingine akiendesha mguu itamuuma."

"Basi mimi si huyo mtu mwingine," Baba alisema, na akaondoka bila kuaga, jambo ambalo sikuwa nimewahi kumwona akilifanya.

Akaenda kwa fundi mwingine, akaenda kwa mwingine. Alibadilisha ule waya. Alisafisha kabureta mwenyewe, kwenye beseni la Mama la kuoshea vyombo, na nyumba nzima ikanuka petroli na ugali wetu pia. Aliacha kuvaa viatu akiwa anaendesha. "Viatu vinaniziba masikio," alisema, nami nikacheka, na yeye hakucheka. Vioo viliendelea kuvunjika. Hajati alivumilia kwa muda, kwa sababu alimpenda, halafu siku moja tulifika Kikuubo asubuhi tukakuta vioo vyetu vimeshapakiwa kwenye gari la mtu mwingine. Hajati alitoka dukani akasimama mbele ya dirisha la Baba, akarekebisha mtandio wake, akasema, "Pole, Mguu Pamba." Akarudi ndani.

Tangu siku ile Baba alibeba saruji, mkaa na ndizi za kupika. Vitu visivyovunjika.

Mama alikuwa ameona mengine. Baba alikuwa amekonda, suruali zake zikishikiliwa na mshipi tu. Alikunywa maji asubuhi, mchana na akiwa amelala nusu, mtungi ukiisha kabla sijarudi bombani. Mama alijaribu kwanza kwa mzaha. "Baba Nekesa, wewe nakunywa maji kushinda ile injini yako." Kisha akaacha mzaha. Nilikuwa nachambua maharage mlangoni nilipomsikia akimwambia kwamba kule chooni, pale anapojisaidia, sisimizi wanajaa kama wamemwagiwa sukari, na kwamba baba yake mwenyewe kule Nsambya aliugua hivyo hivyo kabla ya kufa.

"Twende hospitali," alisema. "Iko hapo tu, juu ya kilima. Mimi nakwenda na wewe."

"Mimi si mgonjwa," Baba alisema. "Gari ndilo linaumwa."

"Gari haikunywi maji, Baba Nekesa."

"Nimesema mimi si mgonjwa!"

Sahani ilianguka. Sijui nani aliiangusha. Niliendelea kuchambua maharage, nikatupa mazima na kubakiza mabovu.

Sasa kuna kitu kimoja ambacho lazima mkijue. Mama alikuwa na kibao cha kukwangulia magamba ya samaki, kama walichonacho wakaanga samaki wote: kipande cha ubao kilichopigiliwa vizibo vya soda, meno yake yakitazama juu. Siku moja kibao kilipotea. Mama alikitafuta jikoni, akakitafuta chini ya kitanda, akamshuku jirani, akanishuku mimi. Aliazima cha mtu na kufanya kazi akinung'unika. Mimi nilimsaidia kutafuta na nilifurahia kidogo, kwa sababu angalau mara moja katika nyumba yetu tulikuwa na shida ndogo.

Asubuhi iliyofuata Baba alikuwa ananipeleka shule, kule chini ya kilima cha Nsambya. Mvua ilikuwa imenyesha na magari yalikwenda polepole, yakisimama na kuondoka. Nilikuwa nimeweka mfuko wangu wa vitabu sakafuni. Tulipokaribia shule niliinama kuuchukua, nikaona umelowa, nikafikiri ni maji ya mvua, nikatazama mkono wangu. Halafu nikatazama upande wa Baba. Kibao cha Mama kilikuwa kimefungwa juu ya pedali ya mafuta kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, vizibo vikiangalia juu, na mguu wa Baba, mtupu, ulikuwa umekikanyaga kwa nguvu. Meno ya vizibo yalikuwa yameingia ndani ya unyayo. Alikanyaga, akaachia, akakanyaga, huku akitazama barabara, uso wake umetulia kabisa.

"Baba," nilisema, "kuna damu."

"Wapi?"

"Hapo chini. Nyingi."

Alitupa jicho sakafuni, akanitazama mimi, magoti yangu, mikono yangu, kwa hofu. "Damu ya nani?" aliuliza.

Nilitazama chini. Alinifuata macho mpaka akafika kwenye mguu wake mwenyewe. Nyuma yetu watu walianza kupiga honi. Aliendelea kuutazama, kama mtu aliyekuta kitu cha mwingine kimeachwa garini mwake. Kisha akaliegesha gari pembeni, akazima injini, akaniambia nikimbie, kengele italia nichelewe. Nilikwenda. Ninakumbuka kwamba tuliimba wimbo wa taifa siku ile kama siku nyingine, na kwamba niliuimba wote.

Baba alimficha Mama kidonda kile kwa siku kadhaa, akikifunga kitambaa na kuvaa soksi, kwa sababu hakikumuuma, na kitu kisichouma ni rahisi kukificha. Harufu ndiyo iliyomfichua. Safari hii Mama hakubembeleza. Alikwenda Nsambya akarudi na kaka zake wawili, askari wenye sare, na wakamnyanyua Baba kutoka kitandani, wakampakia kwenye pikapu yake mwenyewe, nyuma, pale vilipokuwa vikikaa vioo. Hospitalini waliniacha kwenye benchi la nje. Masista walipita na viatu vyao visivyo na sauti. Waliomtibu walimhangaikia sana, hilo Mama alilisema daima, lakini kidonda kilikuwa kimeshaenda mbali. Walimkata mguu wa kulia chini ya goti.

Aliporudi nyumbani alikuwa mtu mdogo. Aliketi mlangoni na magongo yake, pikapu ikiwa mbele yake, na kuku wakaanza kulala chini yake. Mama alirudi kwenye kikaango. Watu walikuja na ndizi na sukari, sukari, fikirieni, wakasema kitalo, pole sana, wakakaa, wakaondoka. Baba hakuwajibu zaidi ya neno moja moja. Niliporudi shuleni nilimkuta pale pale nilipomwacha, na kivuli tu kikiwa kimehama.

Halafu kuna siku nilirudi nikakuta boneti iko wazi.

Ssalongo alikuwa ndani ya gari amelala kifudifudi, miguu yake minene imetokeza nje. Baba alikuwa amemwita. Alikuwa na wazo, na wazo lile lilikuwa limemrudishia sauti yake. Ssalongo angechomelea chuma kutoka kwenye pedali ya mafuta mpaka upande wa kushoto, na breki pia, na klachi angeitengenezea mkono, na Baba angeendesha kwa mguu uliobaki. Nilitupa mfuko wangu, nikapanda juu ya tairi kuchungulia. Nilifurahi, siwafichi. Niliiona Kikuubo, nilimwona Hajati akitoka dukani mbio.

Walifanya kazi mpaka chuma kile kikakaa. Baba aliinuliwa akaketi, akapangusa usukani kwa kiganja, akawasha. Pikapu ilikohoa, ikashika. Akaweka mguu wa kushoto kwenye pedali mpya. Injini ikapiga kelele ghafla, kali, kuku wakaruka. Akaachia.

"Nyepesi," alisema. "Kaza kidogo, Ssalongo."

Ssalongo aliinama chini ya boneti, akakaza. Baba akakanyaga. Kelele ile ile.

"Kidogo tena."

Akakaza tena. Ilipiga kelele tena. Mimi nilikuwa karibu na boneti sasa, nikimtazama fundi usoni, na jasho lilikuwa linamtiririka ingawa jua lilikuwa limeshuka.

"Tena kidogo," Baba alisema kutoka ndani.

Ssalongo akainama. Niliona mkono wake. Spana haikuwa kwenye nati. Ilikuwa pembeni, haikugusa kitu, na alikuwa akiizungusha polepole, akiguna kama mtu anayetumia nguvu. Aliponiona ninamtazama, hakuacha. Alinitazama tu, macho mekundu, akaendelea kuzungusha.

"Haya, ssebo," alisema. "Jalibu sasa."

Baba akakanyaga. Injini ikapiga kelele kama mwanzo, hata zaidi. Aliachia taratibu. Alikaa.

"Sasa iko sawa," alisema. "Hiyo ndiyo yenyewe. Asante, fundi."

Akazima gari. Akaomba magongo yake. Hakuliwasha tena, hata siku moja.

Nilikasirika mno. Nilimkimbilia Mama jikoni nikamwambia kwamba Ssalongo ni mwongo, hakukaza chochote, amemdanganya Baba mchana kweupe. Mama aligeuza samaki kwenye kikaango. Alisema, "Baba yako anajua."

"Anajua nini?"

"Anajua. Mpelekee maji."

Nilimpelekea. Aliyanywa yote akanirudishia kikombe, akaniuliza tumefundishwa nini shuleni, na nikamwambia, na wote wawili tuliitazama pikapu. Mguu wa kushoto nao ulianza kidonda baada ya mvua ndefu. Safari ile hakurudi kutoka hospitali ile ya kilimani. Mama aliuza pikapu kwa mtu wa mkaa. Ssalongo alibeba jeneza pamoja na wajomba zangu, na mimi, mtoto mwenye kinyongo, nilikataa mkono wake aliponinyooshea.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba baba yangu alikufa kwa ubishi, na kwamba laiti angekuwa na akili kidogo angeona mapema kile ambacho Mama na sisimizi walikiona. Nilimpenda, lakini ndivyo nilivyoamini, na nilikuwa nikimwonea aibu kidogo, mtu mzima akigombana na gari.

Mwaka huu nimeanza kwenda kliniki ya sukari. Mara ya kwanza, muuguzi kijana, binti mwenye adabu, aliniambia nivue viatu na soksi, nilale, nifumbe macho. Alikuwa na kiuzi kigumu cha plastiki, kama cha kuvulia samaki. "Nitakugusa nyayo, mama," alisema. "Ukisikia, sema ndiyo."

Nilifumba macho. Nilisikia mguso kisigino. "Ndiyo." Nikasikia mwingine. "Ndiyo." Kisha pakawa kimya. Nilingoja. Kimya kilirefuka, na nikajua kwamba pengine hivi sasa ananigusa na mimi sina habari.

"Ndiyo," nilisema. Kisha, haraka, "Ndiyo."



"Mama," muuguzi alisema kwa upole, "hapo nilikuwa bado sijakugusa."

Sikufumbua macho mara moja. Alijua, baba yangu. Pengine alijua tangu ile Jumamosi ya Kololo, ameshika usukani na hataki kushuka. Lakini pedali ilikuwa na springi na nati, na spana alikuwa nazo. Kwa ule mguu uliokufa ganzi hakuwa na spana. Na Ssalongo alipozungusha spana hewani, walikuwa watu wazima wawili waliokwisha kuelewana, wakimalizia jambo mbele ya mtoto.

Nilimwambia muuguzi tuanze upya, na kwamba mara hii nitasema ukweli. Alinigusa, akaniuliza, nikamjibu. Alipomaliza kuandika nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikavaa soksi, kisha viatu, nikikitazama kila kidole kinavyoingia.